Ulimi wa Mgonjwa

Wanangu, siku ya kukimbiza mgonjwa haibishi hodi. Ikifika, mtajikuta mmesimama mlangoni pa dharura, kila mmoja roho mkononi. Yashikeni haya sasa, mngali na utulivu.

Kwanza, foleni ya pale si ya benki. Tangu Hospitali ya Muhimbili ifungue idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, vijana wengi wamefunzwa humo kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Mwenye alama nyekundu hangoji. Wa kijani anaweza kungoja. Mtoto anayelia kwa sauti ana pumzi ya kulilia. Mhofieni aliyenyamaza, anayehema kwa shida, ambaye ukimwita haitiki. Kwa hiyo mtu akipitishwa mbele yenu, msianze kunong'ona kwamba ametoa kitu kidogo. Lakini mgonjwa wenu akibadilika mkiwa bado kwenye benchi, inukeni mkaseme: "Nesi, alikuwa anaongea, sasa haongei." Huko si kusumbua.

Pili, na hili ndilo kubwa: mgonjwa asiyejiweza, ulimi wake ni ninyi.

Nimeshuhudia jamaa wakimleta mzee wao kwa bajaji, jasho linamchuruzika, maneno hayaeleweki, mkono mmoja umelegea. Wote wakasema kiharusi. Nesi akauliza, "Alianza lini?" Mmoja akajibu asubuhi, mwingine usiku, wa tatu akaanza kusimulia ugomvi wa shamba. Nesi akamtoboa mzee kidole: sukari ilikuwa imeshuka mno. Akawekewa dripu ya glukosi, na haukupita muda akafumbua macho, akamwita mkewe. Ndugu wakaanza kutafuta bajaji ya kurudi. Hapo mke wa mzee akafungua pindo la khanga, akatoa vidonge vya kisukari, na kwa sauti ya chini akaongeza kwamba tangu juzi mzee alikuwa akinywa pia mizizi aliyoletewa na shemeji. Daktari hakumgombeza. Alisema tu, "Basi leo halali nyumbani." Maana baadhi ya vidonge hivyo hukaa mwilini muda mrefu, na sukari iliyopandishwa kwa dripu huweza kuporomoka tena usiku, watu wakidhani mzee amelala tu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Watu huficha dawa ya kienyeji, pombe, mimba iliyotolewa, sumu aliyoinywa kijana kwa hasira. Pale si baraza la ukoo. Daktari hatafuti wa kumlaumu. Anatafuta dawa isiyogongana na kilichokwisha kuingia mwilini.

Saa nayo ina uzito. Kiharusi kinacholetwa na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana, nayo hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Msiseme "tangu asubuhi." Semeni: "Saa 1 alikunywa chai vizuri, saa 2 kikombe kikamponyoka."

Na aliyepoteza fahamu msimmiminie kitu mdomoni, hata maji, hata asali. Kitapita njia ya pumzi.

Mkifika, mteueni mmoja wa kuzungumza: yule aliyeshinda na mgonjwa, hata kama ni binti wa kazi, wala si lazima awe mkubwa wa familia. Wengine wakae nje, wamlinde asikatizwe, washughulikie bima na malipo. Nesi msimkemee, huenda hajakaa chini tangu aingie zamu. Mwambieni "pole na kazi," kisha ulizeni mnachotaka kujua, na msiondoke kabla hamjaelewa dawa gani inaendelea na dalili gani iwarudishe.

Mengine yote yanaanzia nyumbani. Leo kabla ya kulala, pitieni kwa kila mzee, muulizeni anameza nini, kiasi gani, saa ngapi, na kipi anakunywa kwa siri. Andikeni, karatasi ikae ndani ya kadi yake ya kliniki. Anzeni na mimi.