Kitanzi Kisichokuwa Kitanzi

Kijana mmoja wa Kibokoni alijitungia lugha ya programu, akaiundia na kompaila. Kompaila za aina aliyoichagua huiacha programu iende polepole huku zikihesabu mahali panaporudiwa. Pakirudiwa vya kutosha, hurekodi hatua moja moja. Hatua zikirejea zilipoanzia, njia yote hugeuzwa kuwa msimbo wa mashine. Dynamo ya HP ilifanya hivyo mwaka 2000, na LuaJIT ya Mike Pall husubiri marudio 56.

Akaijaribu kwa hesabu za duka la leso, Mtaa wa Biashara. Kila risiti: toa punguzo, sawazisha senti, ongeza VAT ya asilimia 16, sawazisha senti tena, andika jumla. Fanksheni ya kusawazisha, kwa kuitwa mara mbili kila risiti, ikawa ya kwanza kutimiza idadi. Kompaila ikaanza kurekodi hapo: ikasawazisha, ikaenda kwenye VAT, ikajikuta tena mlangoni mwa kusawazisha. Ikafunga kitanzi.

Mtoto wa Kuze hutumwa halua na nyanyake, kisha na shangazi wa nyumba ya pili. Duka ni lile lile, ila halua hairudi nyumba moja.

Msimbo ulitarajia kurudi kwenye VAT. Safari ya pili ilikuwa ya kurudi kwenye jumla. Kikaguzi kilichomo ndani ya msimbo kikakataa, programu ikatupwa nje, ikarudia mwendo wa polepole. Risiti iliyofuata, vivyo hivyo. Kazi ikawa nzito kuliko ilivyokuwa bila kompaila. Naye kijana, kwa kuwa logi ilimwandikia “kitanzi kimepatikana”, akaamini tatizo ni kuchelewa kuanza kurekodi, akapunguza idadi ya marudio! Mashine inayojisifu ni shahidi mbaya.

Dadake, mshika vitabu wa duka, akachungulia. “Kaka, hiyo ya pili yarudi wapi?”

“Kwenye jumla.”

“Na ya kwanza?”

Mwaka 2011 watafiti wa IBM, akiwemo Hiroshige Hayashizaki, walieleza vitanzi hivi vya uongo katika Java, na dawa yake: usilinganishe mahali tu, linganisha pia msururu wa walioitana hadi hapo. Kijana akafanya hivyo. Kurekodi kukapita VAT, kukapita jumla, kukafungia kwenye kusawazisha punguzo la risiti iliyofuata, na risiti zikatiririka.

Sasa amekwama kwenye hesabu za madeni. Fanksheni yake hujiita yenyewe, msururu hurefuka kila hatua, na kompaila haioni kitanzi chochote.