Aliyeanza na Miaka 51

Mwanangu, unasema umechelewa, na unafikiria kuiacha kozi yako. Una miaka 27 na unawahesabu wenzako: huyu ana gari, yule kamaliza shahada ya pili, mwingine keshajenga. Kunywa chai kwanza. Nataka nikusimulie habari za mama mmoja wa Marekani, Carolyn Shoemaker.

Alizaliwa mwaka 1929. Chuoni alisoma historia, siasa na fasihi. Mambo ya nyota hakuyagusa. Alifundisha shule kwa muda mfupi, kazi haikumkaa moyoni. Akaolewa na Gene, mwanajiolojia, wakapata watoto watatu, akawalea. Watoto walipokua na kuondoka, akatafuta la kufanya. Mumewe alikuwa akisaka asteroidi, yaani mawe makubwa yanayolizunguka Jua, hasa yale yanayokatiza njia ya Dunia. Akamwambia, njoo ujaribu. Ulikuwa mwaka 1980, na mama huyu alikuwa na miaka 51.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye mlima Palomar, California, walitumia darubini ndogo ya sentimita 46. Walipiga picha sehemu moja ya anga, wakasubiri kama dakika 45, kisha wakaipiga tena. Filamu zikishasafishwa, Carolyn aliziweka mbilimbili kwenye mashine ya kutazamia: jicho moja picha ya kwanza, jicho jingine picha ya pili. Nyota zilitulia mahali pake. Lakini kitu kilichosogea ndani ya zile dakika 45 kilionekana kimeinuka, kinaelea juu ya nyota. Hicho ndicho alichokitafuta, filamu baada ya filamu, shingo imeinama. Mbali na asteroidi alisaka pia nyotamkia, na kupata moja kulimgharimu karibu saa 100 za kutazama.

Saa mia, mwanangu. Na karibu zote hazina cha kusimulia.

Nyotamkia ya kwanza aliipata mwaka 1983. Mwishowe zikafika 32, pamoja na asteroidi mamia. Wakati wake hapakuwa na mtu mwenye nyingi kama zake. Watu hupenda kutaja hesabu hiyo. Mimi napenda zaidi ile miaka ya mwanzo, alipokuwa akitazama na hajapata nyotamkia hata moja.

Inanikumbusha mama yangu, aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu, katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya sabini. Jioni alikaa karibu na kibatari, kidole chini ya neno, midomo ikitafuta silabi. Mimi nilikuwa kijana, sikuweza kusubiri. Nikawa namtajia neno kabla hajalifikia, nikidhani namsaidia. Siku moja akaniambia kwa upole, "Niache, mwanangu, nitafika." Nimekuja kumwelewa nywele zimeshakuwa nyeupe. Nilimnyang'anya kile alichokuja kukitafuta.

Kwa hiyo kozi hiyo, kama huipendi, iache. Sitakulaumu, Carolyn naye aliacha ualimu. Ila kama unaipenda na unaogopa miaka tu, hapo tuzungumze.

Maana kazi ya polepole ina mambo yake. Machi 1993 mtu alikuwa amefungua sanduku lao la filamu, mwanga ukaingia. Usiku ule mawingu yalikuwa yakipitapita, na filamu nzuri zilikuwa ghali, hawakutaka kuzipoteza kwenye anga la namna hiyo. Wakaamua kutumia zile zilizoharibika, kwa kuwa katikati zilikuwa bado zinafaa. Carolyn alipozikagua baadaye, akaona kitu asichowahi kukiona: nyotamkia iliyobonyea, ndefu, kama imekanyagwa. Kumbe ilikuwa imevunjwa na mvuto wa sayari ya Mshtarii, na vipande vyake vimejipanga mstari. Wakaiita Shoemaker-Levy 9, kwa majina yao na la mwenzao David Levy. Julai 1994 vipande vile viliigonga Mshtarii kimoja baada ya kingine kwa takriban wiki nzima, na dunia nzima ikageuza darubini huko. Madoa meusi yaliyobaki yalikuwa makubwa mno. Lipo lililokaribia upana wa Dunia yetu.

Nakwambia ukweli, si bahati tu. Bahati ilileta filamu ile. Jicho la kukitambua kitu kigeni lilitokana na zile saa nyingi ambazo hakupata kitu.

Mwaka 1997 walikuwa Australia wakichunguza mashimo ya vimondo. Magari yakagongana, Gene akafa papo hapo, Carolyn akaumia vibaya. Alikuwa na miaka 68. Alipopona alirudi kutazama anga. Alifariki mwaka 2021, ana miaka 92.

Haya, kozi yako imebakiza miezi mingapi? Nitajie na ada, nione nitaanzia wapi.