Yai Livunjwe Upande Gani?



Filamu The 3 Worlds of Gulliver, ya mwaka 1960, yamwonyesha daktari Gulliver akitupwa na bahari katika nchi ya watu wasiofika shibiri moja. Wamo vitani na jirani zao kwa sababu ya yai: livunjwe upande mnene au upande mwembamba? Gulliver azikokota merikebu za adui kwa kamba ili vita viishe, lakini mfalme hatosheki mpaka adui waangamizwe.

Twacheka. Lakini kitabu kilichozaa filamu hiyo kilitolewa mwaka 1726 na Jonathan Swift, kasisi wa Kianglikana, Mkuu wa Kanisa Kuu la Mt. Patrick, Dublin. Alikuwa akitucheka sisi. Je, hatujakaa siku nyingi bila kusalimiana kwa ajili ya ngoma na kinanda? Na Jumapili twapiga magoti pamoja mezani pa Bwana!

Katika Warumi 14, Mtume Paulo awakumbusha waliogombana juu ya vyakula kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya ndugu yule wanayemdharau. Basi, kabla ya Komunyo ijayo, twende kwanza tukapatane. Amina.