Vitabu Vinapogombana

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu alikuja kukaa kwangu majuma sita ili ajiandae kwa mtihani wa leseni ya uuguzi na ukunga. Kwao watoto ni wengi na kelele haziishi. Kwangu kuna meza, kuna utulivu, na kuna shangazi mkunga mstaafu ambaye wao walidhani anayajua majibu yote. Alishuka na begi moja la nguo na kikapu kizito kuliko begi lenyewe. Ndani ya kikapu mlikuwa na nakala za vivuli za masomo ya chuoni, kitabu kikuukuu cha ukunga kilichopoteza jalada, na katika simu yake alikuwa na maswali ya mitihani iliyopita ambayo wanafunzi walikuwa wakirushiana.

Usiku wa tatu alinifuata jikoni.

"Shangazi, uchungu uliokolea unaanza njia ikiwa imefunguka sentimita ngapi?"

"Tatu," nilimjibu, macho yangu yakiwa kwenye sufuria.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba kitabu kinasema tatu kama mimi, nakala za chuo zinasema nne, na majibu ya kwenye simu yanasema tano. "Sasa mimi nijibu ipi?"

Nikamwambia neno ambalo baadaye liliniona aibu: "Jibu anachokitaka msahihishaji."

Ni jawabu la kawaida, na wengi wetu tumevuka mitihani kwa jawabu hilo. Lakini usiku ule usingizi ulinikimbia. Nilijiuliza, hivi mtu anayekariri namba ili kumridhisha msahihishaji anajua nini hasa? Msahihishaji hatakuwepo saa nane za usiku katika wadi ya wazazi. Atakuwepo binti huyu, na mama mwenye uchungu, na taa inayofifia.

Asubuhi tuliketi tukazitafuta asili za zile namba tatu. Kumbe kila moja ina kwao. Katika miaka ya 1950 daktari wa New York aitwaye Friedman alipima jinsi njia inavyofunguka, akachora grafu. Kazi yake ya mwaka 1955 ilihusu wanawake 500 wa uzazi wa kwanza. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, wakiwa Salisbury, ndiyo Harare ya leo, waliongeza juu ya grafu mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili mkunga aliye mbali na chumba cha upasuaji ajue mapema wakati wa kumsafirisha mama. Shirika la Afya Duniani likaijaribu patografu yake kwa zaidi ya wanawake 35,000 huko Indonesia, Thailand na Malaysia, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Hapo uchungu uliokolea ulihesabiwa kuanzia sentimita tatu. Mwaka 2000 patografu ilirahisishwa, ikaanzia nne. Mwaka 2018 mapendekezo mapya yakasema tano, kwa sababu utafiti uliofanywa katika hospitali 13 za Nigeria na Uganda, kwa zaidi ya wanawake elfu tano, ulionyesha kwamba wengi hufunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa kabla ya kufika tano, na bado hujifungua salama wao na watoto wao.

Kwa hiyo hapakuwa na kitabu kilichosema uongo. Kila kimoja kilisema kweli ya mwaka wake, ila jalada lilikuwa limetoka pamoja na mwaka.

Nilipofika kwenye hiyo tano, nilivua miwani. Msomaji atanisamehe, hapa lazima niseme habari yangu.

Mwaka 1996 nilikuwa katika zahanati moja ya mbali, wakati wa masika. Jioni alikuja binti wa uzazi wa kwanza, njia imefunguka sentimita tatu. Nikaanza patografu kama nilivyofundishwa. Baada ya saa nne alikuwa nne, na mstari wa tahadhari ulikwisha kuvukwa. Kanuni ilisema asafirishwe. Nikatafuta gari, likapatikana pikapu la mfanyabiashara wa mazao, tukaondoka usiku. Tulikwama kwenye tope hadi alfajiri, na mtoto akazaliwa pale pale juu ya magunia, mvua ikinyesha. Alilia vizuri. Lakini alikuwa wa baridi, nami sikuwa na kitu kikavu cha kumfunika ila kitenge changu. Siku ya tatu alifariki.

Wenzangu waliniambia sina kosa, nilifuata kitabu. Na ni kweli nilifuata. Sasa kitabu kipya kinaniambia kwamba yule binti huenda hakuwa amechelewa kabisa. Kwamba angeweza kulala katika chumba changu chenye jiko la mkaa, akanywa uji, akajifungua kwa wakati wake. Je, mtu ana hatia kwa kutii kanuni iliyokuwa sahihi siku aliyoitii? Nimeliuliza swali hili kwa miaka kadhaa sasa. Akili inasema hapana. Mikono yangu, iliyomshika yule mtoto, haijakubali.

Nami ningekuwa mwongo nikiishia hapo. Mwaka uliofuata, kwa kuiogopa ile njia, nilimchelewesha mama mwingine ambaye mstari ulikuwa umemwita. Kizazi kilipasuka. Mama alipona, mtoto hakupona. Siku hiyo kanuni ya zamani ndiyo iliyokuwa na akili, mimi ndiye niliyekosa. Ndiyo maana siwezi kuwacheka waliotupa ile tatu, wala kuwashangilia walioleta tano kana kwamba wamefungua pazia. Namba hiyo ilimfikiria mkunga aliye mbali na barabara. Anayeijua namba bila kujua ilimfikiria nani, ataitumia vibaya hata ikiwa mpya.

Hata hivyo si kila ugomvi wa vitabu unastahili heshima namna hii. Juma la pili tulikuta katika nakala zake kwamba mtoto mchanga apewe vitamini K miligramu 10. Kitabu kilisema 1. Hapa hapakuwa na historia yoyote, wala madaktari wa Salisbury. Ni mpiga chapa aliyeongeza sifuri, na kivuli baada ya kivuli kikaizaa sifuri hiyo darasa zima. Kibaya zaidi ni kwamba chupa za miligramu 10 zipo, ni za watu wazima, na hukaa kabati moja. Nilimwuliza kama kuna aliyemwambia mwalimu. Akasema wote waliona, kila mmoja akasahihisha kwake kwa kalamu. Hilo lilinikasirisha kuliko ile sifuri. Wanafunzi waliotutangulia waliliona shimo, wakaliruka, wakaendelea na safari.

Alimpigia mwalimu wake siku hiyo hiyo, nikiwa nimesimama karibu. Mwalimu alishukuru. Kuhusu zile sentimita alisema ajibu kwa mwongozo mpya. Nakala ni za zamani, ila wanafunzi wanazipenda kwa sababu ni fupi. Tulicheka, ingawa si jambo la kuchekesha sana.

Basi ile "jibu anachokitaka msahihishaji" niliifuta, nikamweleza hivi. Katika mtihani wa kuchagua herufi hupewi nafasi ya kujieleza. Swali linakuuliza wakunga wa sasa wamekubaliana nini, nawe utajibu makubaliano hayo, na huko si kudanganya hata kama moyoni una maswali. Lakini usitoke chumba cha mtihani ukidhani kwamba herufi uliyoizungushia duara ndiyo mwisho wa jambo. Siku moja nayo itakuwa ya zamani, na wewe utakuwa umekwisha kuwapokea watoto wengi kwa namba hiyo.

"Sasa shangazi, nitalalaje?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia mimi mwenyewe silali vizuri.

Aliendelea kusoma kwa namna nyingine. Katika daftari lake kila namba aliiandikia mwaka pembeni, na chini yake, kwa maneno machache, ilitungwa kwa ajili ya nani. Alikwenda polepole, nikaogopa kwamba hatamaliza. Jioni ya mwisho kabla hajaondoka aliniletea ukurasa wa uchungu uliokolea niukague. Aliandika tano, 2018. Chini yake nne, 2000. Kwenye tatu aliandika 1994, kisha akaacha mstari mtupu na kunitazama.

"Yule mtoto alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," nikasema.

Akaandika.