Neno la Faraja na Bakuli la Mtori

Kwenye ratiba za mazishi huku kwetu Moshi hakikosekani kipengele cha neno la faraja. Kinapangiwa dakika kumi na tano, kinakula arobaini. Kipaza sauti kimekodiwa pamoja na turubai na viti, na mtu akishakishika hakiachii kirahisi. Mimi ni mama mtu mzima, mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri. Kazi hiyo imenikalisha misibani miaka mingi, na nina neno na sisi wafariji.

Tunayoyasema yanajulikana. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu amempenda zaidi. Usilie, utamkufuru Mungu. Wazazi waliozika mtoto mchanga wanaambiwa watapata mwingine, tena kaburi halijakauka udongo. Hayasemwi kwa ubaya. Yanasemwa kwa sababu kimya kinatutisha, na kwa sababu tunadhani Mungu akifika msibani anahitaji wakili.

Anayetajwa sana ni Ayubu, hasa pale alipokiri kwamba aliyempa ndiye aliyechukua. Lakini tazama ni nani aliyesema. Ni Ayubu mwenyewe, siku ile ile aliyopoteza watoto kumi, joho limeraruliwa, kichwa kimenyolewa, yuko chini. Hakuna jirani aliyekuja kumwambia. Ilikuwa imani yake na kinywa chake. Ukiyachukua maneno hayo wewe, ambaye wanao wako nyumbani wanagombania kiti mbele ya televisheni, ukayashusha juu ya kichwa cha mfiwa, maneno ni yale yale ila si ungamo tena. Yamekuwa amri.

Rafiki zake watatu walianza vizuri kuliko wengi wetu. Walitoka makwao, wakalia, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Laiti wangeaga siku ya nane! Tungewahubiri leo kama wafariji wa kuigwa. Badala yake walifungua vinywa. Elifazi alianza kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, kisha akahoji ni lini mtu asiye na hatia aliwahi kuangamia. Bildadi hakuzunguka: watoto wamelipwa kwa makosa yao. Sofari akaongeza kwamba Ayubu anaadhibiwa pungufu ya anavyostahili. Katikati ya hayo mna sentensi nyingi nzuri, ambazo ukizichomoa unaweza kuzihubiri Jumapili na watu wakaitikia amina. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na wenzake wawili, maana hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu. Ayubu yupi? Huyo huyo aliyelaani siku ya kuzaliwa kwake. Mawakili wa Mungu wakaagizwa wapeleke fahali saba na kondoo dume saba, na mlalamikaji ndiye awaombee.

Niliwahi kuketi mkekani karibu na binti aliyefiwa na kichanga chake. Nyumba yao iko juu huko, migombani, na sebule ilijaa akina mama. Tuliingia kwa zamu, kila mmoja na neno lake, naye kila mmoja alimjibu, "Asante, mama." Mikono aliikunja kifuani na hakuishusha. Kanga yake ilikuwa imelowa kwa mbele. Nadhani wengi waliona, wakatazama pembeni.

Akaingia mama mmoja, mkunga mstaafu. Alichuchumaa mpaka nyuso zao zikalingana, akamsemesha taratibu.

"Mwanangu, maziwa yamejaa?"

"Yamejaa, mama."

"Yanauma?"

Hapo binti hakujibu. Alilia, na ndicho kilio chake cha kwanza nilichokisikia tangu niingie. Yule mama akamnyanyua, akampeleka chumbani, akaagiza majani ya kabichi yaliyooshwa kwa maji baridi na kanga kavu. Kisha akatoka hadi kwenye masufuria nje. Kulikuwa na pilau ya wageni na maharage. "Mtori wa huyu uko wapi?" akauliza. "Huyu si mzazi?" Hakuna aliyekuwa ameukumbuka, mtoto ameondoka, basi tukajifanya hata uzazi haukuwapo. Ndizi zikaanza kumenywa pale pale.

Katika yote yaliyosemwa siku ile, mahubiri yakiwamo, sikusikia neno la Kikristo kuliko lile swali la maziwa. Silisemi kwa kutia chumvi. Eliya alipomkimbia Yezebeli, akalala chini ya mretemu na kuomba afe, malaika hakumhubiria ubaya wa kukata tamaa. Alimgusa akamwambia aamke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Nabii akala, akalala tena, na malaika akarudia yale yale, akiongeza tu kwamba safari iliyo mbele ni ndefu kwake. Swali gumu, kwamba anafanya nini hapo, aliulizwa baadaye sana, Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Kuongozwa kulikuja, ila kulisubiri mtu ashibe na alale.

Kuna watakaosema nataka mafundisho yaondolewe msibani. Hapana. Paulo aliwaandikia Wathesalonike, yapata mwaka 50, kwa sababu walikuwa na hofu ya kweli juu ya ndugu zao waliotangulia kufa, naye akawajibu kwa mafundisho hasa, kisha akawaagiza wafarijiane kwa hayo. Hakuwakataza kuhuzunika, aliwakataza kuhuzunika kama wasio na tumaini. Na pale Bethania, Martha na Mariamu walimwambia Yesu maneno yale yale, kila mmoja kwa wakati wake: angalikuwapo, kaka yao hangekufa. Martha alikuja amesimama, anajadiliana, naye akapewa fundisho la ufufuo na kuulizwa kama anaamini. Mariamu alianguka miguuni analia. Yeye hakuhubiriwa. Yesu aliuliza tu wamemweka wapi, akalia. Lalamiko lilikuwa moja na majibu yakawa mawili, kwa kuwa alimtazama kila mmoja kabla ya kufungua kinywa.

Ndiyo maana ujumbe wa rambirambi unaonakiliwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, na picha za mikono iliyofumbatwa, haunisaidii sana. Haujamtazama mtu. Afadhali anayeandika, "Nakuja Alhamisi, nitafua nguo za watoto."

Tena tunakosea wakati. Maneno yote tunayamwaga katika siku nne au tano, turubai likiwa bado limesimama na mfiwa hasikii vizuri anachoambiwa. Wageni wakishapanda mabasi kurudi Dar es Salaam, simu inanyamaza. Wiki ya tatu, nyumba ikiwa tupu, ndipo angeweza kukusikia. Kama kwenye simu yako kuna namba ya mtu aliyezika mwezi uliopita, mpigie leo jioni. Mtaje marehemu kwa jina, muulize amekula nini, kisha mwache aongee yeye.