Mbwa Aliyepotea ni wa Nani?

Jembe lililosahauliwa shambani halikosi mwenyewe kwa sababu ya kulala nje, wala fedha iliyoanguka njiani haiwi ya mwokotaji kwa sababu aliinama. Lakini mbwa aliyepotea si jembe wala fedha. Huona njaa, huogopa, na humzoea anayemlisha. Kila siku anayokaa mbali na kwao, haki ya aliyempoteza hupungua, na ya amtunzaye huongezeka. Basi kuuliza mbwa huyo ni wa nani si jambo dogo kama lidhaniwavyo, maana ndani ya swali hilo mna jingine: kumiliki kiumbe chenye uhai ni kuwa na nini?

Uingereza imelikabili swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1860 bibi mmoja, Mary Tealby, alifungua nyumba huko Holloway, London, ya kuwapokea mbwa waliopotea na wenye njaa. Wako waliomcheka, wakaona ni huruma iliyokosa pa kwenda. Nyumba ilihamia Battersea mwaka 1871, na mpaka leo ipo. Waliocheka walisahau kuwa huruma si maji ya mtungini, yapunguayo kila yatekwapo.

Taabu ya kwanza ya nyumba kama hiyo ni kujua nani ametoka wapi. Baada ya siku chache za matope na njaa, mbwa mwenye kwao na mbwa koko hufanana machoni, na hakuna kati yao mwenye ulimi wa kujieleza. Kwa ajili hiyo ilibuniwa mikrochipu, kitu kidogo kama punje ya mchele, kitiwacho kwa sindano chini ya ngozi, baina ya mabega. Ndani yake mna namba yenye tarakimu 15. Haina betri, wala haionyeshi mbwa yuko wapi. Hukaa kimya mpaka chombo cha kuisomea kipitishwe juu yake. Na namba hiyo haina jina: jina na simu vimo katika daftari lililo mahali pengine. Tangu tarehe 6 Aprili 2016, sheria ya England humtaka mbwa aliyetimiza majuma 8 awe na alama hiyo, ila yule ambaye daktari wa wanyama amethibitisha kuwa itamdhuru.

Faida yake haina shaka. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kuwa katika kila mbwa 100 waliopotea na kuingia katika nyumba za hifadhi zilizochunguzwa, kiasi cha 22 walirudishwa kwao. Lakini katika kila 100 wenye mikrochipu, walirudishwa 52. Hata hivyo wengi walibaki, ingawa walikuwa na alama. Sababu kubwa ya wenyewe kutopatikana ilikuwa namba ya simu isiyo sahihi au iliyokwisha katwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo. Lililokosekana ni jicho la kulitazama tena.

Kosa hilo si la chombo, ni la moyo. Mtu hulipia alama siku moja akadhani amenunua haki ya milele. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 haikumkubalia. Mbwa aliyekamatwa na afisa wa halmashauri huwekwa siku 7. Mwenyewe akija, hulipa gharama na kumchukua. Asipokuja, mbwa huweza kuuzwa, au kupewa mtu atakayemtunza vema, au kuuawa pasipo maumivu. Na ampokeaye kwa nia njema huwa ndiye mwenyewe.

Yamkini wako watakaosema kuwa siku 7 ni chache. Mgonjwa aliyelazwa huweza kutoka siku ya nane akakuta mlango umefungwa. Neno hilo ni zito. Lakini vizimba vina idadi, na nyuma ya mbwa mmoja yuko mwingine anayengoja nafasi. Muda wowote utakaowekwa utamwonea mtu fulani. Kinga yake ni anwani iliyo sahihi, kwa kuwa mwenye kujulikana hupelekewa taarifa, na siku zake huhesabiwa tangu aipate.

Wala mwokotaji hana ruhusa ya kujificha nyuma ya wema wake. Amchukuaye mbwa wa watu, akampenda, akakataa kuuliza ni wa nani, hakumwokoa bali amemwiba polepole. Mgala muue na haki yake mpe: hata mzembe anastahili kutafutwa kwanza.

Sheria ya alama hutoa jibu lisilotazamiwa. Yule iandikaye daftarini haimwiti mnunuzi. Humwita mlinzi, yaani mtu ambaye mbwa huishi naye kwa kawaida. Fedha hulipwa mara moja, lakini kuishi pamoja hulipwa kila siku. Basi kumiliki kiumbe ni kukubali kuulizwa habari zake wakati wowote. Mbwa huitika aitwapo na bwana wake. Ni haki bwana naye aitike aitwapo kwa ajili ya mbwa.