Zawadi Inayofuata Kiti

Mchango wa kampuni kwa kampeni ya mwanasiasa una sura mbili. Kwa jicho la sheria ni njia ya kutoa maoni. Kwa jicho la maadili ni zawadi, na zawadi kwa mwenye madaraka ni jambo ambalo dini zililitolea hukumu karne nyingi kabla kampuni hazijakuwapo. Sura hizo mbili zinagongana waziwazi zaidi nchini Marekani, hasa katika sekta ya afya, kwa kuwa huko gharama anayobeba mgonjwa hutegemea sana kile ambacho wabunge wamekiandika katika sheria, au wameacha kukiandika.

Tangu mwaka 1907 Sheria ya Tillman inazikataza kampuni kuwapa wagombea wa nafasi za shirikisho fedha zao moja kwa moja. Milango mingine iliachwa wazi. Kamati maalumu zinazochangiwa na mameneja na wafanyakazi wa kampuni zinaweza kumpa mgombea hadi dola 5,000 kwa kila uchaguzi. Kisha mwaka 2010, katika kesi ya Citizens United, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kampuni ina haki ya kutumia fedha bila kikomo kumuunga mkono mgombea au kumpinga, mradi isipange naye. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu hiyo, alishikilia kwamba ufisadi unaoweza kuzuiwa na sheria ni ule wa nipe nikupe. Kupata nafasi ya kuonana na mbunge, au kusikilizwa naye, hakumo. Jaji John Paul Stevens alipinga vikali, akiona kwamba ufisadi una sura nyingi kuliko hiyo moja.

Kipimo cha zamani ni kikali zaidi. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Ibn al-Lutbiyya wa kabila la Azd alitumwa kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mzigo mafungu mawili: hili la umma, na hili amezawadiwa yeye. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akahoji iwapo mtu huyo, kama angebaki nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hizo zingemfikia. Hakuuliza kama watoaji walipunguziwa zaka. Hakutafuta shahidi wa mapatano. Alichouliza ni zawadi imefuata nini: mtu au kiti chake? Torati nayo inawakataza waamuzi zawadi kwa sababu inayokaribiana na hiyo, kwamba hata mwenye busara huacha kuona sawasawa.

Mchango wa kampuni za afya ukipimwa hivyo, hauponi. Kampuni kubwa za dawa na bima huvichangia vyama vyote viwili, Republican na Democratic, mara nyingi katika msimu uleule wa uchaguzi. Anayetoa maoni huchagua upande. Anayewapa wote wawili ananunua mlango, yeyote atakayeufungua. Wajumbe wa kamati zinazosimamia afya ndio wanaokumbukwa zaidi, na mbunge akiondoka kitini, mchango humwendea aliyemrithi. Juu ya hayo, sekta ya dawa imekuwa ikitumia zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka kuwalipa washawishi mjini Washington.

Kiswahili kina neno linaloeleza hali hii vizuri kuliko rushwa, nalo ni fadhila. Aliyefadhiliwa hudaiwa bila hati. Hakuna anayemtamkia deni, wala yeye halitaji, lakini analijua simu inapolia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba madaktari waliopokea hata mlo mmoja kutoka kwa kampuni ya dawa, wenye thamani ya chini ya dola 20, waliandika dawa ya kampuni hiyo mara nyingi kuliko wenzao. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba mlo ndio uliosababisha. Hata hivyo ni vigumu kuamini kwamba moyo wa mbunge ni mgumu kuliko wa daktari.

Alfajiri ya tarehe 22 Novemba 2003, Baraza la Wawakilishi lilipigia kura sheria ya kuongeza dawa katika Medicare, bima ya taifa ya wazee. Kura ambayo kwa kawaida huchukua dakika 15 ilianza karibu saa tisa usiku na kuachwa wazi kwa takriban saa tatu, huku waliopinga wakibembelezwa mmoja mmoja, hadi ikapita kwa kura 220 dhidi ya 215. Ndani yake kilikuwamo kifungu kilichomzuia waziri wa afya kuingilia majadiliano ya bei na watengenezaji wa dawa, ilhali idara ya askari wastaafu ya serikali hiyohiyo ilikuwa ikijadiliana nao. Billy Tauzin, aliyeongoza mojawapo ya kamati zilizoiandaa sheria hiyo, aliacha ubunge mwanzoni mwa 2005 akawa mkuu wa PhRMA, chama cha kampuni za dawa. Sheria haikumzuia. Haijathibitishwa kwamba alibadili hata neno moja kwa ajili ya kazi hiyo, na kwa kipimo cha mimbari si lazima ithibitishwe.

Watetezi wa michango wana hoja ya kuheshimiwa: kampuni huwachangia wale ambao tayari wanakubaliana nazo, kwa hiyo fedha hufuata msimamo badala ya kuuunda. Pengine ndivyo, mara nyingi. Lakini hoja hiyo haimgusi mgonjwa, ambaye hana kamati ya michango na ambaye msimamo wake haufuatwi na chochote. Tanzania ilifika karibu na swali hili kwa upande wa pili, pale zawadi inapotoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima, ikiona kwamba vinambagua mgombea asiye na kitu.

Marekani ililegeza kifungu cha 2003 mwezi Agosti 2022, kwa dawa chache za kuanzia. Kampuni kadhaa zilikwenda mahakamani. Baadhi zilidai kwamba kutakiwa kutia sahihi makubaliano ya bei ni kulazimishwa kusema zisichokiamini, yaani zilirudi kwenye haki ileile ya maoni. Dawa kumi za kwanza zilijadiliwa hata hivyo. Januvia, ya kisukari, ilishuka kutoka dola 527 hadi 113 kwa dozi ya mwezi, bei iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, miaka 22 baada ya kura ile ya alfajiri.